Miguu Sita ya Nyumba Hii

Nekesa mama,

Umeenda kwa Mama Faiza kusukwa nywele, na kwa vile namjua Mama Faiza na mdomo wake, najua sitakuona mpaka watu watoke msikitini jioni. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani na ile kalamu yako inayovuja. Nimechoka. Mgongo umechoka, macho yamechoka, hata huku kuchoka kwenyewe kumenichosha. Lakini nikiiacha siku hii ipite, kesho asubuhi wewe utakuwa unapambana na zipu ya begi na mimi nitakuwa nakuuliza kama umebeba sufuria, halafu gari litaondoka. Hivyo ndivyo tunavyoagana katika ukoo wetu, kwa habari za sufuria.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kujihadhari na vijana wa Bungoma sitayaandika. Umeyasikia mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari za Sista na habari za mguu wangu, kwa sababu hizo mbili ndizo zilizokufanya ukae na barua ya chuo chini ya thamosi wiki nzima bila kuijibu.

Unakumbuka alivyokuja. Ilikuwa mvua za mwezi wa nne, mwaka jana, ulikuwa umemaliza fomu foo na unangoja matokeo ya maisha. Paka mweusi, kifua cheupe na kitambaa cheupe kuzunguka uso, amejikunyata nyuma ya tangi la maji kama mtawa aliyefukuzwa konventi. Wewe ndiye uliyempa jina hilo la Sista. Mimi nilisema hatufugi. Nilikuwa nimetoka kuchambua mahindi siku nzima kule stoo, vumbi limejaa mpaka masikioni, na nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia. Ukasema, "Si hatufugi, mama. Tunamwacha tu akae mpaka mvua iishe."

Mvua ya Kitale unaijua. Nilipaswa kujua hapo hapo kwamba nimeshindwa.

Alikuwa anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Anautua kidogo, anauinua, anakaa chini na kuulamba kama anauomba msamaha. Nami nilimtazama mara moja tu nikasema, "Funza huyo." Sikuhitaji kutazama mara ya pili. Kule Misikhu nilikokulia, mtoto akichechemea hakuna aliyemuuliza ameumia wapi. Alikamatwa, akakalishwa kwenye kigoda, pini ikatafutwa, na shangazi mmoja mnene akamkalia magoti. Na kweli, mara nyingi ilikuwa funza. Sasa ukikua hivyo, kila mguu unaochechemea duniani una funza.

Ulipoenda mazoezi ya kwaya nikamfunga yule paka wa watu ndani ya gunia, nikamtoa mguu mmoja nje, nikaanza kuchimba kati ya vidole kwa pini ya nepi. Alama alizoniachia mkononi bado zipo. Sikupata yai wala mdudu. Mtu mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza. Mimi nikaona funza wameingia ndani sana, nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, nikaomba tone la dawa ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe. Nyumbani tuliwapaka mbwa dawa hiyo miguuni, hakuna aliyekufa, au kama alikufa hakuna aliyesema ni dawa. Nikampaka Sista mguu mzima mpaka kwenye goti, nikajisifu, nikaweka chai.

Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba paka hawezi kuacha kujilamba. Mbwa anaweza kusahau. Paka akiwa na uchafu mguuni ataulamba mpaka uishe.

Uliporudi ulimkuta chini ya kitanda, mate yanamtoka, anatetemeka masikio mpaka mkia. Hukupiga kelele. Nilitamani upige.

"Mama, umempaka nini?"

"Dawa tu. Ya funza."

"Dawa gani?"

Nikakuonyesha kile kichupa. Ulikinusa, ukachukua beseni na kipande cha sabuni ya mche, ukamwosha yule mnyama mara nyingi nisizojua idadi, huku anakukwaruza, huku maji yanaloweka mkeka wangu. Ukamfunga kwa leso yangu ya kanisani ili asijilambe, ukakimbia naye kwa yule kijana wa duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Ulirudi umenyeshewa, ukaniambia alichosema: kuoshwa ndiko kumemwokoa, na dawa ile ni sumu kwa paka, hata tone lisimguse, awe na funza au asiwe nao. Halafu hukusema nami siku kadhaa, ila mambo ya chumvi na maji. Nilikuwa nakuchukia kidogo siku hizo, nikwambie ukweli. Mtu mzima akikosea mbele ya mtoto wake anamchukia yule mtoto kwa kuwa na macho.

Alipopata nguvu ukakaa naye mlangoni, penye mwanga. Nilikuwa nakata sukuma wiki na kujifanya siangalii. Ulianza na mguu mzima. Uliufinya taratibu, kidole baada ya kidole, ukazitoa kucha, ukatazama nyama laini ya chini, ukamrudishia. Halafu mwingine mzima. Nikashindwa kunyamaza, nikakuuliza, "Si mgonjwa ni ule mwingine?"

Ukasema, "Najua. Lakini nikianza na huo atanikimbia. Wacha kwanza ajue mkono wangu hauumi. Alafu pia nitajuaje mbaya kama sijaona mzuri?"

Ulipofika kwenye mguu wa kushoto hakupigana nawe. Alikunja masikio tu. Na kitu kilikuwa pale pale, juu kidogo ya mahali nilipochimba: ule ukucha wa pembeni, wa kidole gumba, ambao haugusi chini na kwa hiyo hausagiki. Kwa uzee wake haukuwa unatoka na kuingia tena. Ulikuwa umekua, umezunguka kama mkono wa kikombe, ukarudi kuingia ndani ya nyama yake mwenyewe. Pamevimba, pana joto, panatoa harufu. Kumbe zile sauti za tik-tik nilizozisikia kwenye simenti nikidhani ni panya zilikuwa kucha zake. Ukanifundisha kwamba paka mzima hatembei kwa sauti.

Ulimkata kwa kikata kucha cha Mama Faiza, mimi nikimshika kichwa, maana uliniruhusu. Ulipouvuta ule ukucha ulitoka usaha na damu kidogo, akalia sauti ambayo sijaisahau, halafu akatulia kabisa, akaweka kidevu chake kwenye kiganja changu. Kiganja changu, Nekesa, mimi niliyempaka sumu. Ukamwosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi kila asubuhi na jioni. Mguu ukapona. Mvua ikaisha, na hakuna aliyetaja habari za kuondoka.

Nilitazama kidonda nikaona ninachokijua, na hapo ndipo nilipokosea. Ningependa kukwambia nilijifunza. Sikujifunza. Nilijifunza habari za paka tu, za kwangu nikaziacha.

Sasa nikwambie habari za Kukhu, mama yangu, kwa sababu nimekueleza nusu nusu. Unajua alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Hujui kwamba mwanzo wa kile kidonda nilikiona. Nilikuwa nimeenda Misikhu kupeleka unga, nikaona amefunga kitambaa kwenye kisigino. Nikamuuliza. Akasema, "Niko sawa, ni jembe limenigusa." Na mimi nilikuwa na safari ya kurudi Kitale kabla giza halijaingia, na kazi kesho yake, na wewe ulikuwa mdogo na homa. Ilinifaa awe sawa. Nikaamini. Niliporudi tena alikuwa wodini na miguu isiyolingana, ananiuliza kama nimekula.

Kwa hiyo daktari aliponiambia mimi pia nina sukari, sikuogopa vidonge wala kuacha soda. Niliogopa miguu yangu. Na nikitaka kukwambia kitu kimoja cha kweli juu ya woga, ni kwamba haukufanyi uangalie. Mimi ulinifanya nivae soksi.

Ile siku ya mahindi unaijua kwa kuibahatisha, sijawahi kukusimulia. Tulikuwa tunachambua mahindi ya mtu wa Bumula, mabovu kweli, tumekaa kwenye turubai, tunatupa meusi huku na mazima kule. Punje iliingia kwenye sandak yangu, kile kiatu cha plastiki. Sijui saa ngapi, kwa sababu sikuisikia. Nilisimama nayo, nikabeba debe nayo, nikapanda ule mlima wa sokoni nayo, nikapika. Nilipovua kiatu ilikuwa imejichimbia kaburi chini ya dole gumba na kiatu kimejaa damu. Hakukuwa na maumivu, sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi. Ulikuwa mezani pale unasoma gazeti la zamani. Ungegeuza shingo tu ungeona. Nikaingia nyuma ya pazia, nikaosha, nikafunga kitambaa, nikavaa soksi za baba yako, Mungu amrehemu, zile nene alizokuwa anavaa zamu ya usiku kule Webuye.

Ukaniuliza, "Mama, unasikia baridi?" Nikajibu, "Niko sawa." Nilisikia sauti ya Kukhu ikitoka mdomoni mwangu, na bado sikuvua soksi.

Wiki zikapita. Nilikuwa nakuona unanitazama. Halafu ile jioni nasonga ugali, ukasema nyuma yangu, "Mama, unasimama kama Sista."

"Kama Sista vipi?"

"Umeinua mguu."

Nikatazama chini. Kweli nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na sikujua. Nikacheka. Nikasema ni uchovu. Nawe ukacheka pia, na baada ya kula ukaleta beseni. Maji ya vuguvugu, umeyapima kwa kiwiko chako.

"Leo umechoka sana. Si nikuoshe miguu."

Nilidhani ni upendo tu. Ukauchukua mguu wa kulia. Ukauosha taratibu, kidole baada ya kidole, ukatazama kucha, ukatazama chini. Ulikuwa unaniuliza habari za stoo, nani amesengenywa, nani ameolewa, nami najibu kama mjinga. Ulipoukausha na kuuweka kwenye paja lako ndipo nikaelewa. Umeanza na mguu mzima. Nikajua nimeshikwa, na nikajua hakuna pa kukimbilia, na kusema kweli, mwanangu, nilishukuru. Nilikuwa nimechoka kuulinda ule mguu peke yangu.

Soksi ilitoka na ngozi. Sista alikuja akanusa, ukamsogeza kwa mgongo wa mkono. Kisha ukasema, polepole kabisa, "Mama, hiki si cha leo."

Kesho yake tulikuwa hospitali. Wamekiosha, wamekifunga, wamenigombeza kwa heshima, wamenipa siku za kurudi. Umenipeleka kila mara. Kinafunga, lakini kwa uvivu, na wewe umekuwa unakitazama kila jioni kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Halafu barua ya chuo ikaja, ukasema huendi. Nikakugombeza. Nilikwambia sikuzaa askari wa kunilinda, nilikwambia chuo cha ualimu hakimngoji mtu, nilikwambia mambo mengine ambayo sitayaandika kwa sababu karatasi itayakumbuka. Uliniacha nimalize. Kisha ukasema, "Nikienda utavaa soksi."

Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ulikubali kwenda juzi, baada ya mchungaji na Mama Faiza kukukalisha, kila mmoja kwa dini yake. Lakini najua umekubali kwa mdomo. Naiona namna unavyokunja nguo, unaziweka juu juu tu, kama mtu atakayerudi Ijumaa. Bungoma si mbali. Hilo ndilo tatizo lake. Ingekuwa mbali ungeenda moja kwa moja.

Ningekuahidi kwamba nitautunza mguu, ila ahadi zangu unazijua ladha yake. Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyekuwa sawa mpaka wodini. Ukinipigia simu na kuniuliza, ulimi wangu utasema niko sawa kabla mimi sijaamka. Hiyo siwezi kuitoa leo wala kesho, imeingia ndani kama ule ukucha. Kwa hiyo usiniulize kama niko sawa. Niulize nimeona nini. Hapo nitalazimika kuangalia kwanza, na nikiangalia siwezi kukudanganya, kwa sababu mimi ni mwongo wa haraka tu. Nikipewa muda nasema kweli.

Na nikuombe jambo moja la namna hiyo hiyo. Wewe nawe ni wa ukoo huu. Ulipofeli hesabu mwaka ule ulinificha mpaka mwalimu akaniita. Huko utakuwa na siku za kuchechemea, za moyo, za njaa, za watu wabaya, na utaniambia kwenye simu kwamba chakula ni kizuri. Nami itanifaa kuamini, kwa sababu nitakuwa nimechoka, kama nilivyokuwa nimechoka kule Misikhu. Usinisaidie kuamini. Niambie umeona nini.

Sasa ripoti ya leo. Kabla sijashika kalamu niliwakagua wote wenye miguu humu ndani. Nilianza na Sista, maana ndiye mwepesi. Miguu ya nyuma mizima. Wa mbele wa kulia mzima, kucha zimerefuka kidogo, nitazikata Jumamosi, na Mama Faiza amesema atamshika kichwa ingawa anasema paka huyu anamtazama kama anamdai. Wa kushoto, ule wake wa zamani, una kovu gumu lakini hauna joto, na amenipa mwenyewe bila kuvutwa.

Halafu mimi. Mguu wa kulia mzima, umekauka kisigino, nimepaka mafuta. Wa kushoto, kidonda cha punje kimepungua tangu jana, hata mimi nimeona. Lakini nimechukua kioo chako nikatazama chini vizuri, kama unavyofanya. Kwenye kidole cha mwisho, upande wa nje, kuna wekundu mpya. Nimeweka mgongo wa mkono, pana joto. Nimefinya. Hapaumi.

Hapaumi, na ndiyo maana naogopa. Nimeandika hilo neno nikalitazama. Nafikiri sijawahi kukwambia kwamba naogopa kitu chochote, hata baba yako alipokufa.

Ningeweza kunyamaza mpaka kesho saa nne, gari likiwa limepita Webuye. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyotaka ujue. Ukiona wekundu huu leo unaweza kufungua lile begi ukatoa nguo, na mimi sitakuwa na nguvu za kukugombeza mara ya pili. Lakini nikiuficha ili uende, basi utakuwa umeenda kwa uongo, na ulikuwa na haki ya kukataa.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Kesho gari lako ni la asubuhi. Tutatoka pamoja, wewe stendi, mimi hospitali, na sitangoja siku ya kliniki, watanikuta mlangoni. Kuuona mguu ilikuwa kazi yako na umeifanya. Kuupeleka ni kazi yangu. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, chini ya sufuria, uisome ukishapata kitanda. Lakini mguu hautangoja barua, utauona jioni hii.

Namsikia Mama Faiza anakusindikiza mpaka kwenye geti, bado anaongea. Sista ameinuka kwenda mlangoni na hasikiki hata kidogo anavyotembea. Beseni liko tayari, maji nimeyapima kwa kiwiko. Soksi ziko nje kwenye kamba, zote mbili, na mimi nimekaa hapa bila kuvaa kitu mguuni.

Mama yako